Wenyeji wa Mji Huu Wanalala Wapi?

Mama mkubwa alikuwa amevua viatu.

Tulikuwa Mlimani City, jumba la maduka la Dar es Salaam, kwenye ukumbi ule mrefu wa ndani, Jumamosi mnamo saa kumi jioni. Nilimwacha karibu na nguzo moja na mizigo yetu, mfuko wa vitenge na chupa ya chai mpya ndani ya boksi lake, nikaenda kupanga foleni ya kurudisha laini yangu ya simu iliyopotea. Foleni ilinimeza dakika arobaini. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kauegemeza kwenye nguzo, miguu kainyoosha, viatu kavipanga ubavuni kama mtu aliyekwisha kufika kwake. Ndiyo kwanza alikuwa anafumbua macho. Mlinzi kijana alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Shikamoo mama. Uko salama?"

"Marahaba, mwanangu. Salama. Ni miguu tu." Akamtazama yule kijana, akaona ni wa kuzungumza naye. "Hebu niambie, wenyeji wa mji huu wanalala wapi?"

Kijana akacheka mpaka akaishika nguzo. "Mama, hapa halali mtu. Mimi mwenyewe nikilala nafukuzwa kazi."

Mama mkubwa hakucheka.

Alikuwa ameuliza kwa dhati. Tangu getini alikuwa akisoma mabango kwa sauti, kama wafanyavyo wengi wa rika lake walioipata herufi ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na hawajaacha kuifurahia. Alipofika kwenye jina la mahali akanitaka nimfasirie. Nikamwambia siti ni mji, tena mji mkubwa, jiji. Akaangalia huku na huku. "Haya. Na mlima uko wapi?"

Huyu ni mtu wa Mbinga. Kule Umatengoni mlima si jina la kituo cha daladala. Unaulima. Unauchimbia ngoro, shimo kwa shimo, ili mvua isiondoke na udongo wako, na jioni magoti yanakukumbusha ulikoshinda. Nami nilikuwa nimemleta mlimani pasipo na mlima, kwenye mji usio na wenyeji, na sikuwa na jibu la lolote kati ya hayo mawili.

Alirudi Mbinga wiki iliyofuata. Swali lake halikupanda basi.

Mlima upo

La mlima ni jepesi. Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilihamia juu ya kilima kile mwaka 1964 na kikachukua jina la mahali. Ardhi yake inateremka mpaka Barabara ya Sam Nujoma, na kwenye ukingo huo wa chini, kati ya Mwenge na Ubungo, ndipo kituo cha maduka kilipojengwa. Kwa hiyo mlima upo, mama mkubwa. Ni mfupi tu, na umesoma.

Kilipofunguliwa mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi huko juu. Wa umri wangu mtakumbuka mwaka ule ulivyokuwa: mvua ziligoma, bwawa la Mtera likapungua mpaka likatia huruma, mgao wa umeme ukawa wa kutwa nzima. Tulisomea mishumaa. Tulipiga pasi usiku wa manane, umeme uliporudi. Halafu bondeni kwetu pakawaka taa ambazo hazikuzimika, na ndani yake mlikuwa na ubaridi wa bure.

Tulishuka makundi kwa makundi. Hatukwenda kununua. Tulikwenda kupoa.

Mara ya kwanza nilipoingia Shoprite nilipita kila ujia, nikasoma bei ya kila kitu, nikatoka na mkate mmoja. Siku za bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, tulinunua na kuku wa kuokwa, mmoja kwa watu wanne, tukamla tukiwa njiani kupandisha chuoni, mifupa tukiitupa vichakani. Siku hizo vichaka vilikuwepo.

Nani alijenga, mnajua: ardhi ni ya chuo, jengo ni la Mlimani Holdings, na nyuma ya Mlimani Holdings ipo Turnstar, kampuni ya Botswana iliyoko kwenye soko la hisa la kwao, ile ile yenye Game City kule Gaborone. Mkataba wao na chuo ni wa miongo kadhaa, utanizika, na umekwisha kuhojiwa bungeni na kwa wakaguzi wa hesabu za serikali, kwamba chuo kilipata haki yake au hakikupata. Nilipoteza siku mbili nzima nikisoma habari hizo, nikidhani jibu la mama mkubwa limejificha humo.

Halikuwemo. Mwenye ardhi yuko kilimani. Mwenye jengo yuko Gaborone. Mwenye duka yuko kwenye marejesho ya mkopo. Hao wote ni wenye.

Mama mkubwa hakuuliza wenye. Aliuliza wenyeji.

Tanzia tatu

Kabla sijaendelea nikiri jambo. Mimi ni katika wale walioizika Mlimani City, na nimeizika mara tatu.

Wajuzi wa biashara hii wana msemo wao: duka kubwa linalowavuta watu huitwa nanga. Nanga hupangishwa kwa bei nafuu kwa kila mita ya mraba, wakati mwingine kwa bei ya kubembelezana, kwa sababu yeye ndiye anayewaleta watu. Vijiduka vinavyofuatana njiani kuelekea kwake ndivyo vinavyolipa bei kali, maana vinakula wapita njia wake. Ndiyo sababu milango mikubwa ya jengo haikai pamoja. Unaingizwa huku, mkate unaufuata kule, na katikati unapishana na viatu, manukato, simu na miwani ambavyo hukuvikusudia.

Mlimani City ilianza na nanga mbili, zote za Afrika Kusini: Shoprite upande wa chakula, Game upande wa majokofu na vitu vya nyumbani.

Mwaka 2014 Shoprite wakaiuzia Nakumatt ya Kenya matawi yao ya Tanzania, wakaondoka. Nikasema basi, kwisha habari. Nakumatt wakaingia na tembo wao kwenye nembo, watu wakahama naye. Miaka mitatu haikupita vizuri, Nakumatt wenyewe wakaanza kuyumba kwa madeni tangu Nairobi. Kufikia 2017 rafu zao zilikuwa tupu Kenya, Uganda na kwetu, na Januari 2020 wanaowadai wakapiga kura kampuni ifungwe kabisa. Nikaandika tanzia ya pili. Kisha Game nao wakakunja jamvi, wenyewe kule kwao wakiwa wameamua kujiondoa Afrika Mashariki na Magharibi. Ya tatu hiyo.

Nanga zote mbili ziling'oka, na moja iling'oka mara mbili. Jahazi halikwenda popote.

Hili ndilo lililonitafuna kuliko mkataba wa chuo. Kama walioitwa nanga hawakuwa nanga, basi kilichoushika mji huu ni nini?

Nikaanza kwenda siku za kazi, bila shida yoyote ya kununua, nakaa tu na kutazama mikono ya watu. Mikono ni mashahidi wazuri: inaonyesha nani kabeba mfuko na nani hana. Wengi hawakuwa na mfuko. Wapo waliokuja kwa ajili ya laini ya simu, kama mimi. Wapo wa benki. Wapo waliotoka kituo cha Mawasiliano wakaingia chooni, wakanawa uso, wakatoka upande wa pili. Wanafunzi walikuwa wanapigana picha kwa zamu mbele ya kioo cha duka la nguo. Wapenzi walikuwa na soda moja. Wapo vijana wanaouza vitu mtandaoni na hawana duka: mteja akiuliza, tukutane wapi, jibu ni hapo, kwa sababu pana taa na walinzi na hakuna atakayemkimbia mwenzake na simu. Nilimwona mmoja akikabidhi viatu vya mtoto kwa mama mmoja, wakahesabiana fedha, wakaagana kama ndugu. Duka lake lilidumu dakika tatu na halikulipa pango.

Na jina limekuwa anwani. Dalali wa Sinza akikutafutia chumba anakwambia ni dakika tano kutoka Mlimani City, hata kama ni dakika tano za bodaboda isiyosimama. Konda akifika kituo cha Survey hasemi tena Survey peke yake.

Wanakuja basi. Lakini jioni wanaondoka wote.

Mzee wa Vienna

Nilipokwama kwa Wabotswana nikaenda kwa aliyeanzisha hadithi yenyewe ya majumba haya ya maduka.

Victor Gruen alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1903. Alikuwa Myahudi na mchoraji wa majengo, na Wanazi walipoichukua nchi yake mwaka 1938 akakimbilia Marekani. Kule alikuta watu wamehamia pembezoni mwa miji na kila safari ni ya gari. Akakumbuka kwao: mitaa ya kutembea kwa mguu, mikahawa, watu kusimama na kuzungumza bila miadi. Akataka kuwajengea Wamarekani kitu kama hicho chini ya paa. Jengo lake la Southdale lilifunguliwa mwaka 1956 huko Edina, jimbo la Minnesota, penye baridi ya kugandisha maziwa. Maduka yaligeuzwa yatazame ndani, katikati akaweka uwanja wenye mimea na mwanga wa jua, na hewa ikawa ile ile mwaka mzima. Sisi tulishuka kilimani mwaka 2006 tukilikimbia joto. Wao waliingia wakiikimbia theluji. Bidhaa ya kwanza ya majumba haya, kwao na kwetu, ni hewa.

Kilichonikamata ni michoro yake ya kuzunguka lile jengo. Alitaka nyumba za watu, shule, hospitali, bustani yenye ziwa. Maduka yalikuwa kitovu tu. Mwili ulitakiwa uje. Haukuja kama alivyouchora. Wenye fedha walijenga kilicholipa, maduka na maegesho, na wengine kote duniani wakaiga hayo mawili. Uzeeni akarudi Vienna, na kusini mwa jiji lake la utotoni akakuta linajengwa jumba la namna ile ile, likafunguliwa mwaka 1976. Lilikuwa tishio kwa vijiduka vya mitaa aliyokuwa ameibeba kichwani akivuka bahari. Kabla ya kufa kwake mwaka 1980 alikuwa amekwisha kujitenga hadharani na watoto wake hao.

Lile la Vienna, mnisamehe, linaitwa Shopping City Süd. Siti nyingine.

Wafanyabiashara hawa wanapenda sana majina ya mahali watu wanapokaa. Nairobi wana Garden City na wana Village Market: mmoja jiji, mwenzake kijiji. (Garden City angalau wamejenga na makazi ubavuni; mama mkubwa angewapa maksi.) Sijawahi kuona jumba la maduka likajiita duka.

Kwa hiyo swali aliloondoka nalo duniani bingwa wa Vienna, mwanamke wa Mbinga aliliuliza akiwa amevua viatu, mara yake ya kwanza kuingia, baada ya saa mbili.

Kariakoo ilikuwa na vitanda

Hapo nikadhani makala nimeipata. Nilijua kabisa nitaandika nini. Nitaandika kwamba mji wa kweli huota kutoka kitandani: watu walale kwanza, soko lifuate. Na mfano ninao, upo Kariakoo.

Kariakoo ya wazazi wetu ilikuwa nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye choo na jiko. Chumba cha mbele kikatobolewa dirisha, kikawa genge. Barazani akakaa fundi cherehani. Aliyekuuzia nazi asubuhi ndiye uliyemsikia akikohoa usiku. Soko kubwa lililochorwa na Beda Amuli, lenye mapaa ya zege yaliyofunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa ili yakinge maji ya mvua, likafunguliwa mwaka 1975 katikati ya watu waliokuwa tayari wanaishi hapo. Hakuna aliyewavuta. Hakukuwa na nanga.

Niliandika kurasa nne za namna hiyo. Zilikuwa tamu. Jumatatu nikaenda Kariakoo kutafuta nyumba moja ya kuipiga picha.

Nilizunguka tangu saa nne hadi saa nane. Zipo, siwezi kusema zimekwisha, lakini nilizozikuta zimebanwa na maghorofa mpaka zinaonekana kama zimekosea njia. Maghorofa yenyewe chini ni fremu, juu ni fremu, juu zaidi ni stoo. Mzee mmoja niliyemkuta barazani kwake aliniambia majirani aliokua nao wako Mbagala, wako Chanika, wako Kimara. Hawakufukuzwa. Walifikiwa bei. Mwenye nyumba yenye vyumba sita anapoambiwa kwamba fremu moja kwa mwezi inazidi wapangaji wake wote kwa mwaka, utamlaumu kwa lipi? Mzee mwenyewe alisema anangoja bei yake. Alisema hivyo bila aibu na bila huzuni, akivunja karanga.

Na mwaka 2025 Kariakoo ikazinduliwa rasmi kuwa eneo la biashara la saa 24, taa na kamera zikafungwa. Mji usiolala, walisema, na kwa maana moja ni kweli kabisa.

Kwa hiyo Kariakoo, isiyokuwa na mjenzi mmoja wala soko la hisa nyuma yake, imefika pale pale ilipoanzia Mlimani City. Imefika kwa miguu yake, polepole, kila mwenye nyumba kwa hiari yake.

Kurasa nne nikazifuta.

Usiku mmoja wa Januari

Rafiki yangu mmoja mwandishi wa habari, nilipomsimulia, alinishtua. "Lakini mimi nimelala Mlimani City," alisema. "Tena kwenye kiti."

Alikuwa anasema usiku wa kuamkia tarehe 22 Januari 2025, Chadema walipofanya uchaguzi wao pale kwenye ukumbi wa mikutano. Mtakumbuka, nchi nzima ilikesha na simu mkononi. Kura zilihesabiwa mpaka kukakucha, na asubuhi Tundu Lissu akatangazwa mshindi mbele ya Freeman Mbowe aliyekuwa amekiongoza chama hicho kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukumbi huo huo, tarehe 4 Agosti 2015, ndimo Edward Lowassa alimopitishwa kugombea urais. Mambo ambayo zamani yangefanyika Mnazi Mmoja au Jangwani, juani, yamehamia kwenye jengo lenye mashine za kupoza hewa, mita chache kutoka duka la viatu.

Gruen angefurahi, nadhani. Alitaka watu wakutane na waamue mambo. Sijui angesemaje kuhusu kulipia ukumbi.

Nilimuuliza rafiki yangu kama usiku ule alijisikia yuko mjini. Akafikiri. Akasema alijisikia yuko uwanja wa ndege.

Waliolala Ubungo

Yote haya yanatendeka kilomita chache kutoka mahali ambapo watu kweli walikuwa wanalala.

Stendi ya Ubungo. Hakuna mtu wa bara asiyekuwa na Ubungo yake. Mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, safari ndefu zilianza saa kumi na mbili asubuhi, na aliyekaa mbali au asiyekuwa na ndugu mjini alifika tangu jioni akalala hapo: juu ya mabegi, juu ya magunia, chini ya mabenchi, watoto wamefunikwa kanga. Mimi nililala hapo mwaka wangu wa kwanza nikirudi likizo, kichwa juu ya tranka la bati. Februari 2021 stendi ikahamia Mbezi Luis. Juu ya kiwanja kile kikainuliwa kituo kikubwa cha biashara cha Afrika Mashariki, mtaji wa Kichina, maduka zaidi ya 2,000, na Rais Samia akakizindua tarehe 1 Agosti 2025. Wanatarajia wanunuzi wa Kongo, Zambia na Malawi. Nimeingia mara mbili. Sakafu inang'aa. Nilijaribu kutafuta ilipokuwa njia ya mabasi ya Songea, nikashindwa hata kujua nimeelekea upande gani.

Nikaona, hii ndiyo. Hapa ndipo palipokuwa na wenyeji, hata kama ni wa usiku mmoja mmoja. Nikampigia simu mama mkubwa, maana nilijua naye alipita Ubungo, mwaka aliokuja kumuuguza marehemu dada yake Muhimbili.

"Mama, unakumbuka ulipolala Ubungo?"

"Nani alikwambia nililala?"

Nikanyamaza.

"Nilikaa macho usiku kucha, mwanangu, kamba ya begi nimeifunga mkononi. Jirani yangu alisinzia kidogo tu, akaamka hana viatu. Mbu. Mkojo ule unanukia mpaka leo. Ubungo alale nani?"

Nilitaka kubadilisha mazungumzo, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Pale kwenye mji wako, pale kwenye nguzo, pale ndiyo nililala. Ulipokwenda na simu zako. Usingizi kabisa, mpaka nikaota. Hata mzigo sikuushika."

Nilisema sawa mama. Sikuwa na kingine cha kusema. Baadaye, nikiwa kwenye bajaji, nilijaribu kukumbuka usiku wangu mwenyewe wa Ubungo kabla sijauremba. Lile tranka halikuwa mto. Nililikumbatia kwa sababu ndani yake mlikuwa na ada.

Chupa

Simu ile haikuishia hapo. Kabla ya kukata akanieleza shida yake hasa: ile chupa ya chai. Chai inatiwa saa kumi na mbili, saa nne ni ya vuguvugu, saa sita ni ya kuogea mtoto. Anairudisha. Amekwisha kumpa dereva wa basi, risiti imo ndani, nikaibadilishe.

Nimekwenda Alhamisi iliyopita, boksi kwapani, mnamo saa mbili na nusu usiku. Mbele ya lile duka nikakuta ubao umepigwa toka chini hadi juu, umepakwa rangi, una picha ya mwanamke anacheka na maneno kwamba duka jipya linakuja. Haukusema linakuja la nini. Nikauliza duka la pembeni. Binti akasema hao walihama mwisho wa mwezi. Wapi? Akapandisha mabega. Yeye mwenyewe ana wiki mbili tu hapo.

Nikaenda kukaa kwenye nguzo yetu. Sikuvua viatu, sina umri huo. Milango ya chuma ilikuwa inashushwa, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na sauti yake. Wasichana wa kufanya usafi walikuwa wametoka na ndoo zao na kuongea kwa sauti kubwa, kama watu walioachiwa nyumba. Mlinzi akapita mara ya kwanza. Alipopita mara ya pili akasimama. Hakuwa yule kijana.

"Kaka, unamsubiri mtu?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaridhika, akaenda zake.

Nikampigia mama mkubwa nikamwambia duka limehama.

"Limehamia wapi?"

"Hawakuandika."

Nikamsikia akihamisha simu sikio hadi sikio. Nyuma yake kulikuwa na mbwa na mtu anayepasua kuni.

"Basi nirudishie hivyo hivyo," alisema. "Mdomo wake unaziba vizuri. Nitawekea mbegu za maboga, panya wasizione."